Bogenvilia ya Mama Mkwe na Samadi ya Fabiano

Ukifika Mtinko siku ya mnada ukauliza ni nani mwenye samadi nzuri kuliko wote, hutamaliza swali. Mmoja atakuonyesha kwa kidole, wa pili kwa kidevu, na wa tatu atakuonyesha kwa mdomo huku anatafuna muwa: "Kwa Fabiano Alute, pale penye lundo." Lundo lenyewe utaliona kabla hujaiona nyumba. Watu wengine huweka mbele ya nyumba zao pikipiki, wengine dishi la televisheni. Fabiano ameweka mavi ya ng'ombe. Yamepangwa vizuri kama keki ya harusi, yamefunikwa majani makavu ili jua lisiyanyonye nguvu, na kila asubuhi mwenyewe huingiza mkono ndani kupima joto lake, kama mama anayepima homa ya mtoto.

Usicheke. Kwa Wanyaturu samadi si uchafu. Samadi ni akiba, ni heshima, na mwanamume ambaye shamba lake halijaonja samadi huwa hachangii sana mkutanoni, maana ataulizwa. Fabiano alipokuwa mtoto, mvua iligoma mwaka mzima. Uwele wa majirani ulitoka kama nywele za mgonjwa. Shamba la baba yake ndilo pekee lililosimama, kwa sababu zizi la ng'ombe lilikuwa limelala hapo mwaka uliotangulia. Watu walikuja na vikapu kuomba, na mzee Alute aliwapa, kisha akamwita mwanawe akamwambia, "Umeona? Kitu chochote kinachokaa kwako usikilaze njaa. Nacho hakitakulaza njaa."

Mtoto alilimeza neno hilo zima zima, bila kutafuna. Mpaka leo, na mvi zimeshafika masharubuni, Fabiano hawezi kuona kitu chake kina njaa. Mbwa wake hula kabla yake. Kuku wake ni wanene mpaka jogoo akitaka kupanda ukutani lazima afikirie mara mbili. Mgeni akisema ameshiba, Fabiano huchukulia kwamba ni adabu tu, anamwongeza ugali. Mkwewe mmoja aliwahi kulala pale siku mbili akaondoka anatembea kama mwanamke mwenye mimba. Kwa hiyo ukielewa hilo, utaelewa pia kwa nini ua moja dogo lilimtesa kuliko madeni, kuliko ukame, kuliko hata uzee.

Ua lenyewe lilikuwa bogenvilia. Unaijua: kile kichaka chenye miiba ambacho hakikauki majani mwaka mzima, na maua yake ni membamba kama karatasi. Za rangi ya zambarau ziko tele, nenda Singida mjini utazikuta kwenye kila uzio wa hoteli. Hii haikuwa ya zambarau. Hii ilikuwa ya rangi ya tofali lililoiva, yenye wekundu na rangi ya chungwa kwa pamoja, na ilitoka Ulemo, kule Iramba, kwa mama mkwe wake.

Bibi Magreth, mama mkwe huyo, aliipanda mlangoni pake akiwa bibi harusi. Mkewe Fabiano, Redempta, alizaliwa ikiwa tayari imefika kwenye paa. Alisukwa nywele chini yake, akachumbiwa chini yake, na Fabiano mwenyewe siku ya kwanza kwenda kujitambulisha alichomwa mwiba sikioni akajikaza asipige kelele mbele ya wakwe. Bibi alipofariki, kaka mkubwa, Leonidas, akarithi kiwanja. Leonidas ni mtu wa biashara. Alitaka kuweka mashine ya kusaga pale mlangoni, watu wasogee na magunia bila kuchomwa. Akaing'oa bogenvilia kwa siku moja. Redempta alipokwenda kusalimia aliikuta imetupwa jalalani, mizizi juu, imekauka karibu yote. Akatafuta kijiti kimoja chenye ubichi, akakifunga kwa kipande cha khanga iliyoloweshwa, akakipakata kama mtoto mchanga mpaka Mtinko.

Alikipanda karibu na geti. Akamwambia mumewe, "Baba Eliana, hiki ndicho kilichobaki cha mama. Siku tutakapolijengea kaburi lake, nataka apate maua yake mwenyewe. Dada Dorika anasema tununue shada la plastiki mjini. Mimi nimekataa. Mama hawezi kulala chini ya plastiki na ua lake lipo."

"Limepata mlezi," Fabiano akasema, akavua koti.

"Mama alikuwa haligusi."

"Ndiyo maana lilikuwa limekonda."

"Halikukonda. Lilikuwa linachanua mpaka majani hayaonekani."

"Mama Eliana," Fabiano alisema kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni njia, "nyie watu wa Iramba mna mambo mengi mazuri. Samadi hamuijui."

Basi akaanza. Alichimba shimo kubwa kuzunguka kijiti, akajaza samadi iliyoiva, ile nyeusi inayobomoka kama unga wa kahawa, ambayo shamba lenyewe la uwele hupewa kwa kipimo. Asubuhi ndoo ya maji, jioni ndoo ya maji. Jua la mchana likionekana kali, akajenga kibanda kidogo cha nyasi juu yake. Kijiti kilishika. Kilichipua. Masika yalipokuja kikapanda geti, kikalifunika geti, kikaanza kuutazama mti wa jirani kwa tamaa. Majani yalikuwa mapana, ya kijani kibichi yenye mng'ao, wapita njia walisimama kuyashika.

"Majani hayo!" walisema. "Fabiano, unayapa nini?"

"Siri ya nyumba," alijibu, na kifua kikamtangulia kuingia ndani.

Maua? Hakuna. Mwaka wa kwanza alisema, "Bado mtoto." Mwaka wa pili akasema, "Linajipanga." Mwaka wa tatu akaongeza samadi.

Sijui kama umewahi kumlea mtu anayekula vizuri, analala vizuri, ananenepa, halafu hafanyi kazi yoyote. Ndivyo bogenvilia ile ilivyokuwa. Fabiano alikuwa akiamka kabla ya adhana ya msikiti wa kijijini, anakwenda moja kwa moja getini, anafunua tawi moja moja na kutazama ncha zake. Kijani. Anarudi ndani anakunywa chai. Redempta alijua kwa jinsi kikombe kilivyokuwa kikiwekwa mezani.

Kisha alijaribu kupogoa. Alisikia mahali kwamba mti usiozaa ukikatwa hupata hofu ukazaa. Akachukua panga akakata matawi yaliyozidi, mengi, yale marefu yenye miiba mirefu, akayabeba kwa toroli akayatupa njiani kuelekea korongoni. Bogenvilia haikupata hofu hata kidogo. Ilichipua upya kwa nguvu mara mbili, ikawa kama imepelekwa saluni. Lakini tatizo likawa jingine: kila ilipoonekana kama inataka kutoa ncha mpya, Fabiano alikuwa ameshafika na panga.

Siku moja alikwenda Singida mjini kupeleka alizeti kukamuliwa, akapita kwa binti mmoja anayeuza miche kando ya barabara. Miche yake ilikuwa kwenye makopo ya rangi na vifuko vyeusi, na kati yake bogenvilia ndogo, kifuko chake hakitoshi hata kuingiza mkono, imejaa maua.

"Shikamoo baba," binti akasema.

"Marahaba. Hii unailisha nini?"

"Hiyo? Hailishwi, baba. Maji naipa ikishaanza kulegea. Ukiipendelea sana inatoa majani tu. Iache ione njaa kidogo, na jua liipige."

Fabiano alimtazama kama mtu aliyesikia tusi kanisani. "Ione njaa?"

"Ndiyo, baba."

"Mwanangu, mimi nimelea ng'ombe, nimelea watoto, nimelea na mama mkwe akiwa mgonjwa. Sijawahi kukishindisha njaa kitu chochote changu."

"Basi utakuwa na majani mazuri sana," binti akasema, akageukia mteja mwingine.

Njia nzima kurudi Mtinko alikuwa ananung'unika. Vijana wa siku hizi! Wavivu, wanatafutia uvivu wao jina. Alipofika nyumbani aliiongezea bogenvilia mabeleshi mawili ya samadi, si kwa sababu ilihitaji, bali kumkomoa yule binti ambaye hata hayupo.

Mwaka huu baada ya mavuno simu ikaja. Leonidas mwenyewe, sauti kubwa, mashine ya kusaga inanguruma nyuma yake. Saruji imenunuliwa, fundi amepatikana, kaburi la mama litajengwa, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane katekista atakuja kulibariki. Kila mtoto aje na chake. Redempta alikuwa anapepeta mtama, akasimama na ungo mkononi kusikiliza, maana simu ilikuwa imewekwa sauti ya wote.

"Shemeji," Leonidas akasema, "mke wako amewatambia dada zake kwamba analeta maua ya mama. Yapo au tununue shada?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, "Ngoja niangalie." Fabiano akasema, "Shemeji, tafuta lori. Coaster haitatosha kubeba maua."

Redempta aliutua ungo chini polepole. Simu ilikatika. Alitoka akaenda hadi getini, akasimama mbele ya lile pori la kijani, kisha akarudi na uso wake uleule.

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Yatachanua."

"Baba Eliana, miaka yote hii hayajachanua."

"Sasa yana sababu."

Kwa mara ya kwanza tangu waoane alimwona mkewe akiketi kibarazani amegeuzia geti mgongo. Kila jioni, anapokoka moto, anapochambua mboga, geti liko nyuma yake. Hakulalamika. Angelalamika Fabiano angejua pa kushika. Mwanamke asiyelalamika ni kama mlango usio na kitasa, unazunguka nyumba nzima hujui uingilie wapi.

Basi alifanya alichojua. Maji mara tatu kwa siku. Samadi mpya. Alimwaga hata togwa iliyochacha, maana kuna mtu alimwambia sukari inaleta maua. Bibi mmoja aliyekuwa akipita kwenda kisimani na dumu lake kichwani alimkuta anamwagia mti togwa, akasimama, akatikisa kichwa, akaenda zake bila kusalimia. Usiku upepo wa Singida ukivuma, majani yale mapana yalikuwa yakipigana kwenye bati la geti, na Fabiano kitandani aliyasikia kama watu wanaomcheka.

Ikabaki wiki moja. Siku hiyo mbuzi mmoja mweupe, mkorofi, alikata kamba akakimbilia upande wa korongoni. Fabiano alimfuata anatukana ukoo wote wa mbuzi. Njia ile ilipita nyuma ya nyumba ya Clement, na Fabiano alikuwa hajakanyaga huko muda mrefu. Sababu yenyewe ni kwamba Clement, ambaye ni rika lake na walibatizwa siku moja, ndiye mvivu mkubwa kuliko wote waliowahi kula uwele wa Mtinko. Shamba lake ni mawe na changarawe, halijawahi kuonja samadi, na Fabiano alimshauri juu ya samadi kila walipokutana, msibani, kanisani, mnadani, mpaka siku moja Clement akaingia ndani akafunga mlango mazungumzo yakiwa katikati.

Mbuzi alikuwa amesimama mbele ya banda la kuku la Clement. Fabiano alinyanyua fimbo. Fimbo ikabaki juu.

Uzio wa banda ulikuwa unawaka. Tofali lililoiva, wekundu na rangi ya chungwa, kutoka chini mpaka juu, maua yameshikana mpaka jani halionekani. Kuku walikuwa wanapita chini yake wanachakura mavumbi makavu kana kwamba hakuna jambo. Udongo pale ulikuwa mweupe kwa ukavu, mtu ukiupiga teke unalia kama gae.

Fabiano aliishusha fimbo. Akakaa juu ya jiwe.

Clement alitokea mlangoni, shati halina vifungo, mswaki wa mti mdomoni. "Mzee Samadi! Umekuja kunitembelea au umekuja kuhesabu mawe yangu?"

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Ipi?"

"Clement, usinichezee. Hiyo!"

"Aa, miiba yangu?" Clement akatoa mswaki mdomoni. "Si uliyatupa matawi yako njiani yakawa yanachoma mbuzi miguu? Nikayaokota, nikayachomeka hapa kuzuia kicheche. Masika yakapita, nikaona yametoa majani. Nikasema, kumbe mnaishi! Basi."

"Umeyamwagia nini?"

"Mimi? Maji ya kunywa mwenyewe naletewa na mke wangu nikiwa nimembembeleza. Nimwagie miiba?"

"Samadi?"

"Ng'ombe wangu wako wapi?"

Fabiano alisimama, akakaa, akasimama tena. "Ni mali yangu. Umeiba."

"Sikiliza jirani. Ulichokitupa barabarani si chako. Kingekuwa chako kingekuwa kwako, kinakula togwa." Clement akacheka mpaka akashika mlango. Habari za togwa zilikuwa zimeshafika. "Kwanza unilipe, maana nimekuokotea uchafu."

Mbuzi alianza kula ua moja. Wote wawili walimkimbilia, wakamshika kila mtu pembe yake, na pale wameinama juu ya mbuzi, pua kwa pua, Fabiano akasikia mdomo wake unasema kitu ambacho hakuwa ameupa ruhusa.

"Clement. Jumamosi tunalibariki kaburi la mama yake Redempta. Ua hili ni la yule mama. La kwangu limekataa."

Clement aliacha kucheka. Alimjua Bibi Magreth, alikuwa msindikizaji wa Fabiano siku ile ya kujitambulisha, na aliona sikio lilivyochomwa. Alimwachia mbuzi, akalitazama banda lake, akajikuna kifua.

"Kata unayotaka. Yote, ukitaka. Kuku hawajali rangi."

"Nikupe nini?"

"Kitu kimoja tu. Kuanzia leo mpaka mavuno ya mwakani, tukikutana, usinitajie samadi. Hata harufu yake usiitaje."

Fabiano alifungua mdomo. Alikuwa na mengi. Pale alipokuwa amesimama aliona kabisa jinsi udongo ule ungepona kwa matela mawili tu. Alifunga mdomo, na kuufunga kwenyewe kulimuuma kama kung'olewa jino.

"Sawa," akasema.

"Rudia."

"Nimesema sawa, Clement!"

Ijumaa alikata matawi kwa panga lililonolewa, mikono amevaa soksi zake mbili kujikinga miiba, akayabeba mpaka nyumbani kwa njia kubwa mchana kweupe, kwa sababu njia ya nyuma ilikuwa nyembamba na Clement alikuwa anamtazama. Watu walimwita, "Fabiano, yamechanua?" Naye alitembea mbele kama kiziwi. Redempta alikuwa kibarazani, mgongo kwa geti. Alisikia majani yanakwaruza ukuta, akageuka.

Aliiona ile rangi. Alijifuta mikono kwenye khanga, akasogea, akashika ua moja katikati ya vidole viwili akalisugua kidogo, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Wapi?"

"Kwa Clement. Kwenye banda la kuku."

"Nani amelilea?"

"Hakuna mtu," Fabiano akasema, na sauti ilivyotoka utadhani ametaja jina la adui yake.

Redempta alimtazama, midomo ikamcheza, lakini hakucheka. Machozi yalitangulia. Akaingia ndani kutafuta khanga ya kuloweshea matawi.

Jumamosi Ulemo kulikuwa na watu. Kaburi lilikuwa jipya, saruji bado inanukia, msalaba umepakwa rangi nyeupe. Katekista alisali, kwaya ya jumuiya ikaimba, kisha wana wa marehemu wakaitwa mmoja mmoja. Dorika, dada mkubwa, alikuwa na shada lake la plastiki ndani ya kikapu kwa tahadhari. Redempta alipofungua ile khanga, wanawake wakongwe walisema "Eee!" kwa pamoja, na mmoja wao akasema, "Mlango wa Magreth huo." Redempta akapiga magoti akaweka maua juu ya kaburi zima, tawi kwa tawi, mpaka saruji ikafunikwa. Dorika akakirudisha kikapu nyuma ya miguu yake.

Fabiano alisimama pembeni, kofia mkononi. Hapo alikuwa mtu aliyetimiza neno lake, na kama mambo yangeishia hapo angerudi nyumbani kwa amani. Lakini Leonidas ana mdomo. Alimpiga shemeji yake bega mbele ya wote.

"Shemeji! Leo nimekuvulia kofia. Lori sikulipata, lakini maua nimeyaona. Waambie watu wa Ulemo, samadi ya Mtinko kiboko!"

Watu waligeuka. Wote. Wengine walikuwa tayari wanatabasamu, wanasubiri hotuba, maana Fabiano anajulikana hata Iramba. Alimtafuta mkewe kwa macho. Redempta alikuwa anapangusa vumbi magotini, hakunyanyua uso. Alikuwa amemwachia.

Nakuambia, sifa ilikuwa mdomoni, imeshatafunwa, bado kumeza. Kifua kilianza kupanda kwa mazoea. Kisha kikashuka.

"Ni ya jirani yangu Clement," Fabiano akasema. "Langu limekula samadi ya tela zima na halijatoa hata ua moja. La kwake limeota kwenye mavumbi na mawe, na wala hakuligusa."

Dorika, ambaye siku ile hakuwa amepanga kucheka, akaanza. Akafuata Leonidas, akafuata katekista aliyejificha nyuma ya kitabu chake. "Umemlisha mpaka akasahau kazi!" Dorika alisema akijishika mbavu. "Shemeji, mama alikuwa halimwagii hata maji ya kuoshea vyombo!"

Fabiano alivaa kofia yake, akaivuta chini mpaka kwenye nyusi.

Kisha Dorika, akiwa bado anajifuta macho, akachagua tawi moja nene lenye ubichi, akatoboa ardhi kwa kisu chini ya msalaba, akalichomeka. "Hili libaki hapa na mama. Na mtu asililishe kitu! Mmesikia kwa shemeji."

"Litahitaji maji," Fabiano akasema.

"Ameanza!" Leonidas akapiga makofi.

"Hapana, nisikilize. Hicho ni kijiti. Hakina mizizi. Lililokomaa ndilo linalovumilia njaa, hiki ni kitoto, na huu ni mwezi wa nane. La Clement lilishikwa na masika. La Redempta lilikuja limeloweshwa. Kisipopata maji mpaka kishike kitakufa."

"Mzee Samadi!" akasema Leonidas, na hilo jina Fabiano hakujua limefikaje Iramba. "Maji leo, kesho utaleta ng'ombe."

"Nakuambia kitakufa, Leonidas!"

"Twendeni tukale, jamani, pilau inapoa."

Wakaondoka, wanacheka, wanamvuta kwa mkono. Miaka yote amesema asichokijua watu wakamsikiliza kwa heshima, leo anasema anachokijua wanamvuta akale pilau. Aliketi kwenye benchi chini ya turubai, sahani mbele yake, na kila akiinua tonge aliona kile kijiti kimesimama kwenye vumbi kwenye jua la saa saba, peke yake, hakijapewa chochote. Akaisogeza sahani pembeni. Wakagawa maji ya chupa. Watu wakanywa. Ya kwake hakuifungua.

Aliangalia huku, akaangalia kule. Leonidas alikuwa anasimulia juu ya mashine yake. Fabiano akaiingiza chupa ndani ya koti, akainuka taratibu kama mtu anayekwenda chooni, akapita nyuma ya turubai akishika njia ya makaburini.

Redempta alikuwa amekaa na dada zake, uso kwa njia ile ile. Alimwona anavyokwenda ameinama, mkono mmoja umebana koti. Dorika akamwuliza, "Shemeji anakwenda wapi na jua hili?"

"Mwache," Redempta akasema, akasogeza kiti chake kidogo, mgongo wake ukamziba Dorika asiione njia.